Mwaka Nilipowapa Watu Wote wa Mutarule Namba Moja

Kwenye matanga ya Injenieri Balthazar nilicheka, na wanangu hawajanisamehe hadi leo. Tulikuwa tumekaa kule Mulongwe chini ya turubai, sahani za mboga ya sombe na samaki wa mikeke zinapita mikononi, mtu mmoja wa kwaya akasimama kumsifu marehemu. Akasema Injenieri ndiye aliyeleta ordinateri, yaani kompyuta, ya kwanza kwenye ofisi yetu, akasema alikuwa mtu wa subira, na kwamba maishani mwake hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Hapo kicheko kikanitoka, tena si kile cha kufichwa na ncha ya kitenge. Binti yangu akanifinya paja. Sasa mimi nifanye nini? Mwanamume yule alinipigia kelele kila siku ya kazi kwa mwaka mzima, akanifumbua macho kwa kelele zilezile, na nilimpenda kama mtu anavyompenda mwalimu mkali aliyemfundisha kweli. Nilipofika nyumbani nililia, lakini hilo hakuna aliyeliona. Wanaonidai maelezo ya kile kicheko, haya hapa.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo, wakati ambao Uvira ilikuwa imejaa watu wa kutoka uwanda wa Ruzizi hata ukitaka kuteka maji unawaomba samahani kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina diploma ya sekretarieti na kiburi cha mtu anayepiga taipu bila kutazama vidole. Ofisi ya kanisa ilinichukua kwa kazi ya kutafuta watu waliopotezana njiani. Tulikaa kwenye depo ya zamani ya pamba, karibu na ziwa. Pamba ilikuwa imeondoka miaka mingi, harufu yake ya mafuta ikabaki kwenye kuta, na kila mvua iliponyesha harufu ilirudi. Mulikuwa na meza mbili, kabati la chuma, redio ya mawasiliano tuliyoiita fonia, na ordinateri iliyoshonewa nguo yake ya kitenge kama bibi harusi, kwa sababu ya vumbi. Saa saba mchana Injenieri alizima jenereta kuhurumia mafuta, tukala ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya meza ileile ya kazi, karatasi zimesukumwa pembeni. Alitoka Bukavu, mwembamba, kalamu nne mfukoni, na alikula ndagala kwa uma. Mimi nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila familia iliyokimbia ilipewa kadi moja ya katoni kwenye kituo ilikopitia, na kadi ilikuwa na tarakimu tano. Ya kwanza ilikuwa ya kituo: mjini Uvira sufuri, Kavimvira moja, ukipanda hivyo kaskazini hadi Mutarule saba na Katogota nane. Baba, mama na watoto wote walikuwa na namba ileile. Injenieri mwanzoni alitaka kuwapanga watu kwa jina la ukoo, nikamwambia atapotea. Kwa Warundi wa uwandani kila mtoto huzaliwa na jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja hawana hata silabi moja wanayogawana. Zaidi ya hapo mtoto ana jina la ubatizo, ana la nyumbani, na akiogopa anasema lile linalomjia kwanza. Kilichowafunga pamoja kilikuwa namba. Na namba hiyo haikukaa kwa mama. Wanawake wa uwandani waliitundika kadi kwa uzi shingoni mwa binti, ndani ya nguo, kwa sababu mama alikuwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na kwenye vizuizi wenye bunduki waliwapekua watu wazima mpaka kwenye kisigino lakini shingo ya mtoto hawakuigusa. Ilikuwa akili nzuri. Ila familia ikikatika njiani, kadi ilikwenda na mtoto, mama akafika kwetu mikono mitupu.

Jedwali la kuhifadhia watu hao nililitengeneza mimi. Injenieri alinipa kitabu kilichofotokopiwa, kurasa nyingine hazipo, nyingine zimesomeka nusu, akaniambia, "Soma, halafu utanieleza." Nilijifunza kwamba kabla ya kuweka namba ndani ya mashine, unaiambia kwanza ni namba ya ukubwa gani, ili iitengee nafasi. Kuna ya nafasi ndogo kabisa, inayoishia mia mbili na kitu. Kuna iitwayo SMALLINT, ndogo ya wastani. Kuna kubwa zaidi, mpaka mamilioni na mabilioni. Nyuma ya jina la aina hiyo unaweza kuweka tarakimu ndani ya mabano. Ukurasa wa kueleza mabano hayo ni kazi gani haukuwamo kwenye fotokopi yangu, nami sikuuliza, maana nilijiona nimekwisha elewa. Kadi zina tarakimu tano, nami nikaandika SMALLINT, mabano, tano. Kwa akili yangu nilikuwa nimeiambia mashine: pokea tarakimu tano. Injenieri akatazama, akaona nimechukua nafasi ndogo, akafurahi, akaniita kwa jina langu. "Vizuri, Faida. Disiki iko kidogo, usiitapanye."

Siku ya kwanza ya kuchapa orodha tulipata ugomvi. Mzee mmoja wa hapa mjini alikuja na kadi yake, 00042, akaona kwenye karatasi tumeandika 42 tu. Alisimama mlangoni, watu nyuma yake wakasimama pia.

"Kadi yangu iko na sufuri tatu mbele," akasema. "Hapa mumeandika arobaini na mbili. Zile sufuri zimeenda wapi?"

"Papa, sufuri ya mbele haina thamani," nikamwambia.

"Haina thamani kwako. Mimi minye nilipewa nayo. Kesho mutasema hata ile nne haina thamani."

Watu wakamuunga mkono. Kwenye vita ile kila kitu kilikuwa kimechukuliwa kidogokidogo, na hawakuona sababu ya kuanza sasa kuachia sufuri. Nilirudi kwenye kitabu, nikapata neno la kuongeza, ZEROFILL, na mashine ikaanza kujaza sufuri mpaka zitimie tano: 00042, 00007, zimepangwa safi kama wanafunzi mstarini. Yule mzee alipoona sufuri zake zimerudi alinipa mkono. Injenieri alinunua mikeke miwili mikubwa, tukaichoma uani, naye siku hiyo alikula kwa vidole. Nikaingiza watu wa sufuri, wa moja, wa mbili, nikiwa na furaha ya fundi. Baadaye zikaja fishi, karatasi za kuandikishia watu, za Mutarule na Katogota, nikazichapa zote kwa wiki mbili, na kwa kila mstari mashine ilinijibu OK. Karatasi zenyewe tukazifunga kwa kamba, tukazipeleka Bukavu kwenye ofisi kubwa. Wiki iliyofuata barabara ikafungwa kwa mapigano. Hatukujali, kwani kila kitu kilikuwa ndani ya mashine.

Mama Consolata alikuja mara ya kwanza wakati wa mavuno ya mahindi, ila mahindi ya nani, kwake hakukuwa na wa kuvuna. Alitoka Mutarule. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na alikuwa na mdomo, Mungu amjalie. Alipotezana na binti yake wa miaka minane, Kezakimana, nyumbani Keza, siku waliyokimbia tena kutoka kituoni. Yeye alishuka na watoto wadogo wawili, binti akavutwa na kundi jingine. Nikaandika jina lake, mashine ikanipa namba ya familia, Injenieri akaisoma kwenye fonia pamoja na makumi ya nyingine, bila yeyote wetu kuzitazama mara mbili, kwa kituo cha watoto cha Baraka, kusini kwetu kando ya ziwa, ambako watoto wengi walifikia kwa mitumbwi. Baraka wakatazama watoto wao, wakajibu kwamba namba hiyo hawana. Tukamwambia hakuna. Aliitikia kwa kichwa, akakaa nje chini ya dirisha langu na wanawake wengine waliokuwa wamejibiwa hivyohivyo. Kesho yake alirudi, na kesho yake. Walileta muhogo wakamenya hapohapo, wakanyonyesha, wakatusema sisi kana kwamba dirisha lilikuwa ukuta.

"Yule dada wa mashine anapiga vidole haraka," mmoja alisema.

"Haraka ya nini?" akajibu Consolata. "Kusema hapana haitaki vidole kumi."

Nililisikia, likaniuma. Nikajitetea moyoni kwamba jibu ni la mashine. Injenieri alikuwa na sheria moja ambayo alinirudishia kila asubuhi: usimuulize mtu jambo ambalo mashine inalijua. Watu wanachoka, wanachanganya, wanasema watoto watano wakati ni wanne, mashine haichoki. Kwa hiyo mtu akija tuliuliza jina tu. Nilijibu "hakuna" kwa Consolata mara tatu katika miezi miwili, kila mara kwa heshima, kila mara nikiwa na hakika. Majina nayo hayakutusaidia, kwa maana kila mama wa uwandani anaona mtoto wake ni mzuri, na Keza ni jina la mtoto mzuri. Baraka peke yake walikuwa na wasichana tisa wanaoitikia Keza, na hatukuweza kumpakia kila mmoja kwenye boti la siku nzima, kwenye ziwa lenye watu wa bunduki, ili mama aje amtazame amkane.

Mara ya nne alipoingia ofisini hakuuliza chochote. Aliweka kwenye meza yangu fungu la mboga ya lengalenga. "Chukua," akasema. "Weye umekonda. Labda ukishiba mashine itaona vizuri." Niliona haya, nikaamua kufanya kitu nje ya utaratibu, nimchapie familia yake yote angalau aione kwenye karatasi: yeye, wadogo wawili, na Keza aliyeandikwa zamani Mutarule. Nikaiambia mashine, nipe kila mtu mwenye namba sawa na ya mama huyu. Printa ikaanza kukwaruza. Ikachapa majina manne, kumi, ishirini. Karatasi ikashuka mezani, ikafika sakafuni, ikaanza kujikunja kuelekea kabatini. Injenieri akaweka kalamu chini. Majina yote, na kila mstari ulikuwa na namba moja: 65535.

Consolata akashika ncha ya karatasi, ingawa hakujua kusoma. "Hawa wote ni nani?"

"Ni... mashine inasema ni familia yako, mama."

Alitazama ile karatasi mpaka kabatini, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi. "Imana yanje, Mungu wangu. Minye nilizala tatu. Basi niletee wote, tutagawana ugali." Kisha akaacha kucheka, akauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Na namba gani ile munasema ni yangu?"

Nikamsomea kwa Kifaransa, kama zilivyokuwa zikisomwa kwenye ugawaji wa chakula. Akatikisa kichwa. "Hapana. Minye si huyo. Minye ni septante mille cent dix-huit."

Hakuwa amesoma hata darasa la kwanza. Kifaransa chake kilikuwa hicho tu. Lakini kule kituo cha Mutarule, walikokaa miezi minane, kabla ya kupewa maharage na mafuta, karani aliita namba kwa Kifaransa na usipoitika unapitwa, kwa hiyo kila mwanamke alikuwa ameijua yake kwa sikio, kama jina alilopewa ukubwani. Niliandika nilichosikia: 70118. Niliitazama, nikaitazama 65535. Nikaiambia mashine iandike 70118 mahali pake, upya. Ikanijibu OK. Nikafungua mstari. 65535. Nikamgeuzia Injenieri skrini.

Sasa mnaelewa kwa nini nilicheka matangani. Kelele alizopiga Injenieri siku ile zilifika kwa wavuvi ufukweni. Alipiga kelele kwangu, kwa fotokopi, kwa waliotengeneza mashine, mwisho kwa nafsi yake kwa Kifaransa. Alipopoa alivuta sahani ya ndagala, akainua juu. "Faida. Upana wa sahani ndio ukubwa wa tumbo?" Nikasema hapana. "Ile tano yako ndani ya mabano ni sahani. Inaiambia mashine ionyeshe namba kwa nafasi ngapi, ijaze sufuri ngapi. Haiiambii ibebe kiasi gani. Tumbo ni lile neno, SMALLINT, na tumbo lile linajaa kwenye sitini na tano elfu mia tano thelathini na tano. Linashiba hapo. Ukiliongezea, linamwaga." Ilikuwa hivyo. Mashine za wakati ule zilikuwa na adabu mbaya: ukizipa namba kubwa kuliko uwezo wao hazikukataa, zilishusha hadi ile ya mwisho zinayoweza kuibeba, zikaandika hiyo, zikakujibu kila kitu sawa. Mjini Uvira, Kavimvira, huku kote namba zilitosha. Mutarule na Katogota, saba na nane, nilikuwa nimewafanya mtu mmoja. Mwanangu mdogo anayesoma informatiki Bujumbura ananiambia siku hizi wameanza kuyaondoa yale mabano kwenye namba za aina hiyo, kwamba yamewadanganya wengi dunia nzima. Nilimwambia asante, habari imechelewa kidogo.

Kubadilisha aina ya namba kulichukua dakika moja. Tukaweka INT, tumbo la mabilioni. Nilidhani namba zitarudi kama zile sufuri zilivyorudi, na hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa nilichofanya: sufuri zilikuwa za kuonyesha tu, hazikuwahi kupotea, lakini hizi hazikuwemo kabisa. Ndani ya tumbo kubwa mulikuwa na 65535 ileile, mia na mia. Karatasi zilikuwa Bukavu, barabara imefungwa. Na kila mara tulipokuwa tumewauliza Baraka, tulikuwa tumewaulizia mtu ambaye hayupo duniani. Nilimwambia Injenieri nitaandika barua ya kuacha kazi. Akaniuliza kama barua hiyo ingejua namba ya mtoto yeyote. Nikasema haijui. "Basi usiiandike. Fungua dirisha."

Nikafungua. Wanawake walikuwa chini yake kama kawaida na muhogo wao, na Consolata alikuwa ameshawaambia. Sikuwa na haja ya kueleza sana. Nilisema tu kwamba nataka kila mtu wa Mutarule na Katogota aniambie alikuwa akiitwa namba gani. Wakasimama kwa zamu, wengine na watoto mgongoni, wakanena Kifaransa kile chao cha ugawaji, septante mille kadhaa, quatre-vingt mille kadhaa, wakivuta maneno kama karani wao alivyovuta, wengine wakifunga macho ili wasikie vizuri. Nilipiga taipu nikilia, herufi zikawa mbili mbili, nikazirudia. Waliokuwa kambi za mbali waliitwa. Kwa siku tatu sikufika nyumbani kula mchana. Mmoja alipotatizika, jirani yake wa foleni alimkumbusha, kwa sababu kila mmoja alijua pia ya mbele yake na ya nyuma yake.

Siku ya nne Injenieri akafungua fonia saa nne asubuhi, akawaambia Baraka waache kujibu na waanze kusoma wao: kila mtoto mwenye kadi shingoni aje mbele ya kipaza sauti. Akaweka redio dirishani, sauti mpaka mwisho, iwafikie wanawake nje. Kwanza karani wa Baraka alisoma mwenyewe. Kisha nadhani alichoka, au naye alikuwa mzazi, akawaachia wasome watoto wenyewe, wale wanaojua. Sauti ndogo zikaja na mikwaruzo ya ziwa zima ndani yake. Kwa namba za mwanzo hakuna aliyetikisika. Halafu kasichana kakasema, polepole, kwa Kifaransa cha karani wa Mutarule, "Septante mille cent dix-huit."

Consolata alikuwa ameshika kisu cha muhogo. Akasimama wima, kama kwenye ugawaji, akaitikia neno ambalo usipolisema unapitwa: "Présente." Redio haikuweza kumsikia. Alilisema tena, mara nyingi, mpaka wanawake wakamkalisha.

Boti lilifika baada ya siku tisa. Niliwaona kutoka mbali, mtoto amerefuka, gauni si lake. Sitaeleza walivyokutana, yalikuwa yao. Walipokuja ofisini nilikuwa nimejitayarishia maneno usiku kucha. Nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu, si la mashine, si la Baraka. Kwamba mtoto wake alikuwa pale muda wote nami nikamjibu hakuna mara tatu, kwa sababu niliwaandika wao wote namba moja. 

Consolata akamvuta Keza karibu. "Mu hii vita, dada," akasema, "wametuita majina. Wengine wametuita nyoka. Wengine wametuita watu ambao si wa hapa, na tuko hapa tangu babu. Weye ulituita watu wa nyumba moja." Akavua kadi shingoni mwa Keza, akaiweka mezani pangu. "Andika vizuri sasa. Na wale wengine uliosema niliwazala, ukiwapata, unaniita. Nitakuja kuwaona."

Wakaondoka kutafuta chakula. Mimi nikaketi, nikavuta karatasi, nikahesabu watoto wa namba iliyofuata. Mwishowe watoto wote wa Mutarule na Katogota walikuja, isipokuwa kumi na mmoja. Majina yao nayajua mpaka leo.